Mkaja wa Ndani: Kisa cha Mama Muuza Vitumbua

Alikuja amejifunga mara mbili. Ndani alivaa mkanda wa mpira wa kubana tumbo, ule unaouzwa madukani ukiwa na picha ya mwanamke wa kiuno cha nyigu. Juu yake kanga iliyokunjwa mara nne na kukazwa kwa pini kubwa. Kabla hajakaa akanionya: "Dokta, usiniulize mimba ya miezi mingapi. Sina mimba." Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, lakini hapa Tanga ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta, na nimechoka kusahihisha.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi saba. Wiki moja kabla, kijana mmoja alimpisha kiti kwenye daladala kwa heshima zote: "Kaa mama, usije ukaumia na mzigo huo." Alikaa. Aliniambia angeweza kumweleza kwamba mzigo umeshashuka, uko nyumbani kwa bibi yake unakula uji, lakini abiria wote walikuwa wameshageuka kumtazama.

Ameridhia niandike kisa chake, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Nakiandika kwa sababu karibu kila alichofanyiwa na alichojifanyia kabla ya kufika kwangu kilikuwa na sababu ya maana, na bado tumbo lilibaki vilevile. Tena mimi mwenyewe niliteleza mahali, na nitapaonyesha.

Historia

Ana miaka 31 na watoto watatu. Wawili wa mwanzo alijifungua kawaida. Wa tatu, kilo 4.1, alikaa vibaya akatolewa kwa kisu. Kazi yake ni vitumbua. Mchele unalowekwa mchana, unasagwa mashineni jioni; saa kumi alfajiri anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, nane au tisa kwa siku, kisha anahamia kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa hadi saa tatu asubuhi. Maji anachota kwa jirani: ndoo ya lita 20, hatua kama 60, safari nne kwa siku, tano siku ya kufua.

Baada ya uzazi alilelewa na mama mkwe wake. Alipikiwa mtori na uji wa pilipili manga, akakandwa kwa maji ya moto. Yule mama hakugusa kidonda. Alikanda mgongo, mapaja na miguu tu, na kwa hilo nilimshukuru moyoni, maana nimeshaona mshono uliofumuka na ngozi ya tumbo iliyobabuka kwa maji yaliyotakiwa "yaue maumivu". Siku ya kumi akaanza kumfunga mkaja, asubuhi na jioni, mpaka arobaini. Arobaini ikatoka, mkaja ukafunguliwa, tumbo likarudi mbele kana kwamba halikufungwa hata siku moja.

Hapo lawama zikaanza kuzunguka nyumba. Mama mkwe alisema mzazi wa kisu hafungiki sawasawa, ndiyo maana. Jirani alisema kuna damu imebaki ndani. Mume hakusema kitu, lakini alimnunulia ule mkanda wa mpira, na zawadi ya namna hiyo nayo ina maneno yake. Mwenyewe akaanza kunywa maji ya limau na tangawizi kabla ya chochote asubuhi, akaacha chakula cha usiku huku ananyonyesha, na kila jioni akawa analala chali na kuinua kifua mara 100 akifuata video ya simu. Alifanya hivyo wiki tano. Mgongo ukaanza kuuma.

Nilimuuliza: tangu uzae, nani ameshika tumbo lako? Akafikiri. Siku ya saba, walipoangalia mshono. Baada ya hapo amekwenda kliniki kila mwezi bila kukosa. Mtoto anavuliwa, anatundikwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa kwenye kadi. "Na wewe?" Akasema, "Mimi nashika mkoba."

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waonwe si chini ya mara nne: ndani ya saa 24 za mwanzo, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Kwa wazazi ninaowaona mimi, hiyo ya wiki ya sita ndiyo inayopotea, au inafanyika kwa mtoto peke yake. Mama akishaacha kutoka damu na mshono ukishakauka, huhesabiwa amepona.

Nilichokiona

Kwanza nilimtazama amesimama bila mkanda. Nyonga alizisukuma mbele, mgongo umeingia ndani kwenye kiuno, na mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kiunoni kama mtu aliyebeba mtoto upande, ingawa mtoto hakuwapo. Tumbo lilitokeza kuanzia chini ya mbavu. Ngozi chini ya kitovu imelegea, michirizi imeshaanza kuwa ya fedha, na ule mstari mweusi wa mimba ulikuwa umefifia lakini unaonekana.

Kisha nikamlaza chali, magoti juu, nikamwomba ainue kichwa tu, kidevu kiende kifuani. Hapo ndipo kisa chote kilipojionyesha: katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi karibu na kitovu, kitu kikainuka kama ngalawa iliyopinduliwa mchangani, chembamba na kirefu, chenye ncha juu. Akajitazama, akarudisha kichwa haraka. Alikuwa hajawahi kukiona, kwa sababu alipokuwa akifuata video macho yake yalikuwa kwenye simu.

Niliweka vidole katikati. Kwenye kitovu, kati ya ukingo wa msuli wa kulia na wa kushoto, viliingia vidole vinne. Juu ya kitovu vitatu, chini yake kimoja. Kilichonishughulisha zaidi ni kina: vidole vilizama laini, bila kitu cha kuvirudisha, na chini yake nilisikia mapigo ya mshipa mkubwa wa damu. Nikamwekea na yeye vidole vyake. "Ndiyo moyo huo?" Nikamwambia ni njia ya moyo, haina ubaya, ila ukuta uliotakiwa kuwa kati yake na kidole umekuwa kama shuka.

Mshono wake ulikuwa umepona vizuri, mstari mmoja chini kabisa. Upande wa kulia ngozi ilishikamana na nyama ya chini na haikuteleza nilipoisukuma, na eneo la upana wa kiganja juu yake lilikuwa na ganzi. Nilimweleza jambo ambalo wengi hawajui: kwenye upasuaji wa kawaida wa kujifungua, daktari hakati ile misuli miwili ya mbele. Anakata ngozi, mafuta na utando mgumu, kisha misuli anaiachanisha pembeni kama pazia. Kwa hiyo pengo lake la katikati ya misuli si kosa la kisu. Uwezekano mkubwa lilianza zamani, na kila mimba ikaongeza chake.

Tumbo kubwa miezi saba baada ya kujifungua halistahili kupewa jina kwa kulitazama tu. Linaweza kuwa mimba nyingine. Kunyonyesha kunakinga mimba kwa kutegemeka pale tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi, na huyu mtoto alishaanza uji. Linaweza kuwa uvimbe wa kizazi, maji, bandama iliyovimba. Linaweza kuwa ngiri ya kitovu. Vipimo viwili vya mimba alishafanya mwenyewe kwa vile vijiti vya duka la dawa, vyote havikuonyesha mimba. Nikamtuma kwa daktari afanyiwe na ultrasaundi. Vyote vilikuwa safi. Nilimpima kitovu akiwa anakohoa, hakukuwa na kitu kinachochomoza kwenye tundu. Angekuwa na uvimbe mgumu hapo unaouma na usiorudi ndani, pamoja na kutapika, hilo lingekuwa la hospitali siku hiyohiyo, si la mazoezi.

Alipokuwa mlangoni anaondoka, ameshashika kitasa, akageuka. "Dokta, kuna jingine." Akipiga chafya, mkojo unachuruzika. Akiinua ndoo, vilevile. Kwa hiyo, akiwa kwenye vitumbua, huvaa pedi kila siku na huwaambia wateja ana mafua akikimbilia ndani. Saa nzima tulikuwa tumezungumza habari ya tumbo, na lililomtia aibu zaidi nusura liondoke naye. Sikuhizi nauliza mwenyewe, mapema, kwa maneno hayohayo ya chafya na ndoo, na nimeona wengi wanashusha pumzi.

Tumbo lilivyofika hapo

Tumeshazoea kuita yote "tumbo la uzazi", na ndani ya jina hilo mmejaa vitu vinne tofauti.

Kipo kizazi. Mara tu baada ya kujifungua huwa na uzito wa kilo 1 hivi, na juu yake hushikika karibu na kitovu. Hushuka kama upana wa kidole kimoja kwa siku, na ikifika wiki ya pili hakishikiki tena juu ya mfupa wa kinena. Wiki ya sita kimerudi kwenye uzito wake, chini ya gramu 100. Kwa hiyo tumbo la miezi saba si kizazi, wala si "damu iliyobaki". Damu ya uzazi humalizika kati ya wiki ya nne na ya sita.

Yapo mafuta, na huyu mama hakuwa na mengi. Ipo ngozi, ambayo ikivutwa sana hupata michirizi, na hakuna zoezi linalokaza ngozi, wala mafuta ya nazi hayafuti michirizi ingawa yanapunguza kuwasha. Nne ni ukuta wenyewe. Misuli miwili mirefu inashuka kutoka kwenye mbavu hadi kinena, na katikati yake imeunganishwa na ukanda mweupe wa kolajeni, zile nyuzi ngumu za mwili. Mimba inapokua, homoni huulegeza na tumbo huutanua. Ukanda haukatiki, unapanuka na kuwa mwembamba. Utafiti mmoja wa Ureno uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima wajawazito kwa ultrasaundi na kukuta kwamba kwenye wiki ya 35 wote walikuwa na pengo. Mwingine wa Norway, wa mwaka 2016, ulifuatilia wazazi wa kwanza 300: wiki ya sita baada ya kujifungua asilimia 60 walikuwa nalo, miezi sita asilimia 45, na mwaka mmoja karibu asilimia 33. Maana yake, misuli kuachana ni sehemu ya mimba yenyewe, na kwa wengi hupungua bila tiba. Shida ni kwa wale ambao pengo linabaki na ukanda wake ukiwa laini.

Kumweleza mama haya kwa picha ya kitabu hakukuingia. Lililoingia ni mkaja.

Mkaja tunaujua wote. Ni kitambaa cha kumfungia mzazi tumbo, na neno hilohilo ndilo jina la fungu ambalo bwana harusi humpa mama wa binti, sambamba na kilemba cha baba na ubeleko. Wazee wetu waliposema "mkaja wa mama" kwenye posa walikuwa wanalipa tumbo: lililobeba, likafungwa, likarudi kazini. Nikamwambia huyu mama kwamba mwili nao una mkaja wake. Chini ya ile misuli miwili ya mbele kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kama kanga, kutoka mgongoni upande huu hadi katikati ya tumbo na kurudi mgongoni upande wa pili. Ukivuta, unakaza ule ukanda wa katikati kama unavyovuta ncha mbili za kitambaa. Huo haufanyi kazi peke yake. Sakafu ya nyonga, yaani misuli inayobeba kibofu na kizazi, inaushikia kutoka chini, na kifua kinaufungulia kutoka juu kwa pumzi. Huu wa nje, wa kitambaa, unashikilia mahali wakati wa ndani umelala. Una faida yake. Waliofanyiwa upasuaji, wengi maumivu yao hupungua wakiwa wamefungwa, hasa siku za mwanzo wanapokohoa na kuinuka. Lakini ukikazwa kupita kiasi unasukuma presha chini, kwenye kibofu na kizazi, na ukikaa miezi saba wa ndani haupati sababu ya kuamka.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Kwa hiyo mimi nimefunga nyumba kwa nje, ndani hamna mtu." Sikuwa na la kuongeza.

Nilipoteleza

Siku ile ya kwanza nilimwambia mgongo wake unauma kwa sababu ya pengo. Nilisema kwa uhakika, kama tunavyofundishana: ukuta wa mbele umelegea, mgongo unabeba peke yake. Inasikika vizuri. Basi nikampa mazoezi ya tumbo, na sambamba nikamwambia jambo dogo la jikoni: apandishe jiko juu ya matofali mawili na atafute kiti kirefu zaidi ya kigoda, asiketi amekunjika magoti yako kifuani. Nazi nikamwambia azipeleke kwenye mashine ya kukunia sokoni, au mumewe akune. Alicheka sana hapo kwenye mume, lakini nazi zikaenda mashineni.

Wiki ya tatu alirudi mgongo umepoa. Nikafurahi, nikampima: vidole vinne, vilevile, wala kina hakijabadilika. Yaani mgongo ulipona pengo likiwa palepale. Nikakumbuka kwamba wale watafiti wa Norway nao hawakuona wenye pengo wakilalamika mgongo kuliko wasio nalo. Mgongo wake uliumizwa na mbuzi. Saa nzima kila alfajiri amekunjika juu ya kibao cha urefu wa shubiri moja na nusu, anasukuma kwa mabega, halafu saa nne nyingine kwenye kigoda. Na jioni akajiongezea mara 100 za kujikunja tena. Angekuwa mwanamume angepata maumivu hayohayo. Kwa sababu amezaa, kila kinachomuuma tulikipeleka kwenye uzazi, na mimi nikiwa mbele.

Kuhusu kuinua kifua ukiwa chali, pia sikumpa maelezo kamili mwanzoni. Nilimkataza kana kwamba zoezi hilo lina sumu. Ukweli wenyewe unakera kidogo: vipimo vya ultrasaundi vimeonyesha kwamba wakati mtu anainua kichwa na mabega, pengo husogea na kuwa jembamba kwa dakika hiyo, na anapovuta tumbo ndani kwa upole, hupanuka kidogo. Kwa hiyo zoezi si adui. Kwake yeye tatizo lilikuwa jinsi alivyolifanya: pumzi ameibana, tumbo linachongoka, mkojo unatoka. Baadaye tulilirudisha, kidogo kidogo, na safari hii akilitazama tumbo badala ya simu.

Tulichofanya

Wiki mbili za mwanzo hakuna jasho lililotoka, na alidhani namdanganya. Zoezi lilikuwa pumzi. Unavuta pumzi mbavu zikifunguka pembeni. Ukiitoa taratibu kwa mdomo, kama unayepuliza uji wa mtoto, unakaza nyonga kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, na tumbo la chini linaingia lenyewe bila kulivuta kwa nguvu. Pumzi nane, kila anaponyonyesha. Mtoto wake ananyonya mara sita au saba kwa siku, hivyo hakuhitaji kengele ya kumkumbusha.

Kuamka kitandani tulikubadilisha: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ndoo ikawa nusu, safari zikaongezeka, na kila anapoinua anatoa pumzi kwanza ndipo mikono inavuta. Hili la ndoo lilichukua muda kuliko yote. Tulilifanyia mazoezi kwangu na ndoo ya kweli yenye maji ya kweli, na mara mbili aliniloweshea sakafu. Watu tumezoea kubana pumzi tunapoinua kitu kizito, na hiyo pumzi iliyobanwa hutafuta mlango: kwake ilitokea katikati ya tumbo na chini kwenye kibofu.

Mkanda wa mpira nilimwomba auvae kwa muda wa saa mbili tu, wakati wa kuchota maji, halafu auache kabisa ifikapo wiki ya nne. Chakula cha usiku nikamrudishia. Anayenyonyesha anahitaji nguvu zaidi ya mtu wa kawaida, si pungufu, na msuli haujengwi kwa limau. Dagaa, maharage na mayai viko sokoni. Mshono tuliusugua kwa ncha za vidole na mafuta kidogo, dakika tano kila usiku, mpaka ngozi ya kulia ikaanza kuteleza.

Kuanzia wiki ya tatu kazi ikaongezeka. Amelala chali kwenye sakafu ya saruji, kanga imekunjwa chini ya kisigino, anateleza mguu mmoja mbele huku anatoa pumzi na kuurudisha. Tumbo likichongoka, anarudi hatua moja nyuma. Kuinua makalio. Kusukuma ukuta kwa mikono. Kukaa na kusimama kwenye kiti, kwanza mikono mitupu, halafu na mtoto, ambaye uzito wake unaongezeka wenyewe kila mwezi bila gharama ya vyuma. Wiki ya saba alianza kujishikilia juu ya viwiko na magoti.

Kisha Ramadhani ikaingia. Kwa muuza vitumbua huo ndio msimu: kazi inahamia jioni, inakuwa mara tatu, watu wanapanga foleni kabla ya magharibi. Wiki tatu hakuja, na mazoezi yakabaki yale ya kunyonyesha peke yake. Aliporudi aliomba radhi kana kwamba amenikosea mimi. Jiko lilikuwa bado juu ya matofali. Gunia la mchele la kilo 25 alilibeba siku moja peke yake, mkojo ukatoka, akakumbuka pumzi ameisahau. Nililihesabu hilo kuwa maendeleo: miezi miwili kabla asingejua ni kwa nini.

Mama mkwe

Niliomba aje naye. Hakuna programu ya mzazi inayosimama kama mwenye nyumba anaicheka. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pembeni, baibui limemkaa vizuri, macho yakinipima. "Mwanangu, sisi tumezaa tisa na tumelima. Hatukulazwa chini tukahemeshwa."

Sikubishana. Nikamwambia mkaja wake aliufunga sawa, na kukanda alikanda kwa akili kwa kukiacha kidonda. Hilo lilimlainisha, kwa sababu alikuwa amekuja kujitetea. Nikamwomba aweke kiganja juu ya tumbo la mkwewe, halafu nikamwambia mkwewe atoe pumzi. Yule mama akasikia ukuta unakaza chini ya mkono wake, pole pole, kutoka pembeni kuja katikati. Akamtazama mkwewe, si mimi. "Fanya tena." Akafanya. "Huyu anajifunga mwenyewe," alisema.

Wiki ya kumi na mbili

Kwenye kitovu vidole viwili na nusu. Juu yake viwili. Ila kina ndicho kilichobadilika zaidi: ukanda sasa unarudisha kidole kama ngozi ya ngoma iliyokazwa kiasi, na mapigo yale siyasikii tena anapokaza. Ngalawa haipandi anapoinua kichwa, labda akiwa amechoka. Mkojo hautoki kwa chafya wala ndoo, unatoka kidogo akiruka kamba na mwanawe wa miaka minane. Mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu umetoka sentimita 98 hadi 93. Ganzi juu ya mshono ipo bado.

Hakuridhika, na sikutaka ajifanye ameridhika. Ngozi inaning'inia kidogo akiinama, tumbo likishashiba linatokeza jioni, nguo za kabla ya ndoa hazimwingii. Aliniuliza habari ya upasuaji wa kushona misuli na kukata ngozi. Nikamweleza upo, lakini mtu huushauriwa akishamaliza kuzaa na angalau mwaka umepita, na ni upasuaji mkubwa: kidonda kirefu, wiki kadhaa bila kuinua kitu, na nani atachota maji wiki hizo? Akasema atafikiria akifunga uzazi, na uzazi bado hajafunga. Mimba nyingine italifungua tena pengo hilo kwa kiasi fulani. Nilimwambia waziwazi, pamoja na kwamba safari hiyo ataanza pumzi angali mjamzito na hatasubiri miezi saba.

Tulikubaliana aendelee miezi mitatu mingine nyumbani, aje mara moja kwa mwezi. Daladala bado anapanda. Mara moja amepishwa tena kiti, akakaa, akasema asante, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi.

Jumanne iliyofuata, mlango ulipofunguliwa, alikuwa mama mkwe, peke yake. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mlango kama umefungwa vizuri. "Mwanangu," alisema, "lile la chafya. Mimi ninalo tangu mtoto wa nne."